"Photo" Ipo Mlangoni, Darasani Haielezwi

Mtoni kwa Aziz Ali, Temeke, jijini Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Kilwa, duka la steshenari limefunguliwa mapema. Mlangoni umetundikwa ubao wa maandishi ya rangi: PHOTOCOPY, PASSPORT SIZE, LAMINATION. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anamkabidhi muuzaji daftari la mwenzake. Anataka kurasa tatu za notsi za biolojia zilizompita alipokuwa anaumwa. Kichwa cha somo kimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu: Photosynthesis. Mashine inamulika, karatasi zinatoka zikiwa bado na joto, muuzaji anazibana kwa stepla. Msichana anaondoka akilitaja neno lile herufi kwa herufi, p, h, o, t, o, maana kesho kuna jaribio. Amepita chini ya ubao wenye herufi hizohizo tano, na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa zina maana moja.

Maana hiyo ni nuru. "Photo" imetoka katika Kigiriki. "Photocopy" ni nakala inayotolewa kwa mwanga, "photograph" ni picha iliyochorwa na mwanga, na "photosynthesis" ni kazi ya mmea ya kujitengenezea chakula kwa msaada wa mwanga.

Kinachouma zaidi ni kwamba msichana huyu jambo lenyewe analijua. Shule ya msingi aliliita usanisinuru, yaani usanisi na nuru, neno lililoundwa kwa mpango uleule wa Kigiriki. Tangu 1967 Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika karibu shule zote za msingi za serikali, na wataalamu wamefanya kazi kubwa ya kuunda istilahi; mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Mtoto anakwea ngazi hiyo ya istilahi miaka yote ya shule ya msingi. Akifika kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, na ngazi inaondolewa. Anaanza upya, kwa kukariri.

Kukariri huku si lazima. Maneno mengi ya Kiingereza yanakwenda kwa koo, na ukoo hujulikana kwa herufi zake. Anayejua kuwa "thermo" ni joto na "meter" ni kipimo ameshaielewa "thermometer", hasa akikumbuka kuwa kwa Kiswahili ni kipimajoto. Hata chupa ya chai ya mama anayeuza vitafunwa kituoni, ile inayoitwa themosi, imebeba joto hilohilo katika jina. "Geo" ni ardhi, nayo imo katika jiografia, jiolojia na jiometri. Maneno ya kawaida kabisa nayo yana koo zake. Wanafunzi wengi huishangaa W ya "two", isiyotamkwa. Iandikwe karibu na "twice", "twelve", "twenty", "twins" na "between", na mshangao utaisha: TW ni alama ya mbili. Zamani ilitamkwa hata katika "two". Sauti ikapotea, maandishi yakabaki.

Mzungumzaji wa Kiswahili hafundishwi kitu kigeni hapo. Temeke imejaa madrasa, na mtoto aliyeketi jamvini jioni anazijua herufi tatu za Kiarabu zinazozaa maneno. Hakimu, hukumu, mahakama na hekima yana H, K na M. Kitabu, katibu na maktaba yana K, T na B, shina la kuandika. Salama na salamu ni ndugu wa jina la jiji lenyewe, Dar es Salaam. Asiyepita madrasa naye ana soma, somo, msomi na usomaji. Ujuzi wa kutambua shina upo kichwani mwa kila mtoto wa Mtoni kabla hajashika kitabu cha Kiingereza. Walimu wautumie.

Kuna pingamizi la haki: herufi hudanganya. Ubao uleule wa steshenari una "passport", na mwanafunzi aliyeambiwa kuwa "port" katika "import", "export" na "transport" ni kubeba atadhani hapa pia ni kubeba. Sivyo; "port" ya pasipoti na ya "airport" inatokana na neno jingine la Kilatini, lenye maana ya bandari. Kiswahili pia kina mitego. Katibu ni mwandishi, khatibu ni mtoa hotuba, na mashina yao ni mawili tofauti. Mafundi wa gereji walisikia "mudguard", wakaona MA ya mwanzo ni ya wingi kama ya magari, wakapata madigadi na kutoka hapo digadi moja. "Keep left" ikasikika kama kitu na vitu, barabara zikapata vipilefti.

Lakini mifano hii inaonyesha kuwa akili ya mtu hutafuta mpangilio katika herufi hata asipofundishwa. Akiachwa peke yake atabahatisha. Mwalimu akiwepo, atamwonyesha ukoo upi ni wa kweli na upi umefanana sura tu, na atamweleza kwa Kiswahili ili maana ifike.

Kazi hii haihitaji kompyuta wala bajeti mpya. Inahitaji ukurasa mmoja wa daftari uliogawanywa sehemu tatu: herufi zinazojirudia, maana yake kwa Kiswahili, na maneno yanayozibeba. Mwalimu wa biolojia aanze na "photo" na "bio", wa jiografia na "geo", wa fizikia na "thermo". Kila mada mpya iongeze mstari mmoja. Wanaoandaa vitabu vya kidato cha kwanza waweke ukurasa kama huo mwanzoni mwa kila sura, na usanisinuru iandikwe kando ya "photosynthesis" bila kuonewa haya.

Msichana wa Mtoni tayari ana kurasa tatu zilizobanwa kwa stepla. Pembeni ya kichwa kile chenye mstari mwekundu kuna nafasi ya kutosha kuandika neno moja: nuru.