Askofu Maana Yake Mwangalizi

Jumapili moja mchungaji wetu aliingia kanisani akiwa mchungaji, akatoka akiwa askofu. Joho la zambarau, pete, na bango jipya getini. Wiki chache baadaye mama yangu, aliyekuwa mweka hazina, aliomba kuona risiti za fedha za ujenzi. Akajibiwa kwamba askofu hahojiwi. Alirudi nyumbani, akavua kilemba, akakaa kimya.

Basi tulizungumze neno hilo linalofunga watu midomo.

Askofu limetufikia kupitia Kiarabu, usquf, nalo asili yake ni Kigiriki, episkopos. Epi ni juu ya. Skopos ni mtazamaji. Yaani mwangalizi. Kabla Wakristo hawajalichukua, Athene ya karne ya 5 KK iliwaita hivyo maofisa iliowatuma kukagua miji iliyokuwa chini yake. Ni jina la kazi.

Sasa fungua Biblia ya Kiswahili, ile ya Union Version. Katika Matendo 20, Paulo anawaita wazee wa kanisa la Efeso, tena si mmoja, na katika aya ya 28 wanaitwa waangalizi. Nenda 1 Timotheo 3, aya ya 2: hapo ni askofu. Kwa Kigiriki ni neno lile lile. Palipoandikwa mwangalizi tumeona mfanyakazi. Palipoandikwa askofu tumeona kiti.

Mtaniambia maneno hukua. Kweli. Mwanzoni mwa karne ya 2, Ignatius wa Antiokia alikwisha kuyahimiza makanisa yamtii askofu, mmoja kwa kila kanisa. Cheo hicho ni cha kale na sibishani nacho. Ninabishana na mtu anayekivaa ili asiulizwe, wakati jina lenyewe linamtaka akague. Mkaguzi anayekataa kukaguliwa ana nini cha kuficha?

Sura ile ile ya Timotheo inataka askofu awe mtu asiyependa fedha. Waumini watamjuaje mtu huyo kama kuomba risiti ni dhambi?

Mama hakumvunjia mtu heshima. Aliangalia mali ya kanisa, akauliza. Kwa maana ya neno lenyewe, kazi ya askofu siku ile aliifanya yeye.