JICHO HALIUZWI SOKONI



Katika gazeti letu hili tumezoea kusoma juu ya mitihani, michezo na tabia njema. Mara hii ninaomba nafasi kidogo kwa kusema juu ya kazi ya mikono, ile ambayo wengi wetu tunaikimbilia wakati wa vakansi, na ambayo wengi tutaifanya kisha kupata diploma: kuchimba, kusude vyuma, kupasua mbao, kuendesha pikipiki. Neno langu ni hili: anayefanya kazi ya hatari bila kujikinga asiitwe shujaa, na bwana anayemtuma bila kumkinga asiitwe bwana mwema.

Tutazame kwanza karibu yetu. Kabambare inajulikana mbali juu ya dhahabu ya Salamabila. Pale Namoya Wabelgiji walichimba zamani. Baadaye kampani ya Banro ilijenga kiwanda, ikatangaza mwaka 2016 kwamba uzalishaji umeanza kweli, na mwaka 2019 ikasimamisha kazi. Ugomvi wa kampani na wachimbaji ulikuwa mrefu, sitaingia humo. Ninataka tuangalie jambo moja tu. Katika kiwanda cha namna ile mtu hapiti mlangoni bila kaske, bote na koti yenye kung'aa. Lakini yaya yetu anayechimba kwa mikono anaingia katika mlima ule ule na kandambili, kaptula, na toshi iliyofungwa kichwani kwa kamba ya mpira. Jiwe halijui nani ni mtu wa kampani na nani ni mtoto wa kijiji. Likianguka, limeanguka.

Tena hatari si mawe peke yake. Kuna vumbi. Mama zetu wanaotwanga mawe ya dhahabu, na vijana wanaotoboa mwamba, wanavuta vumbi laini sana la jiwe jeupe. Vumbi hilo linaingia mapafuni na halitoki. Kisha miaka mtu anaanza kukohoa na kukosa pumzi, na kifua kikuu kinamkamata kwa upesi zaidi kuliko wengine. Ugonjwa huo unaitwa silikosi, na hauna dawa ya kuuponyesha. Kitambaa kilichofungwa puani kinasaidia kidogo tu, sababu lile vumbi baya zaidi ni dogo kuliko matundu ya kitambaa. Kumwagia jiwe maji mbele ya kulitwanga kunasaidia zaidi, na maji ya mtoni hayana bei.

Kuna zebaki, ile dawa nyeupe inayokimbia-kimbia kama kitu chenye uhai, ambayo inashika dhahabu. Wanaponunua dhahabu wanaichoma juu ya moto, na zebaki inageuka mvuke. Mvuke ule hauonekani, lakini unaharibu mishipa ya fahamu: mikono inatetemeka, kichwa kinasahau. Kwa mtoto aliye tumboni ni mbaya zaidi. Na watu wanaichoma wapi? Mara nyingi ndani ya nyumba, watoto wakiwa kando.

Kuna moshi wa motopompe. Wanaishusha ndani ya shimo kwa kutoa maji, wanaiwasha, na watu wanashuka. Hewa ya sumu inayotoka pale haina harufu wala rangi. Wa kwanza anaanguka, wa pili anashuka kumwokoa, naye anaanguka. Motopompe isingewashwa ndani ya shimo, hakuna angekufa kwa moshi ule.

Na tusiseme paka juu ya wachimbaji. Tuangalie wanaosude vyuma kando ya barabara. Ule mwangaza wa bluu unaunguza jicho kama jua linavyounguza ngozi. Mchana hausikii kitu. Usiku unaona kama mchanga umejaa machoni. Kijana anavaa lineti nyeusi za kujipamba alizonunua sokoni, anafikiri amejikinga. Anajidanganya. Inatakiwa kioo cha kazi ile, kinachofunika uso wote.

Sasa wengine watasema: basi tugawe kaske kwa kila mtu, mambo yamekwisha. Hapana. Hapa ndipo ninapotaka tufikiri vizuri. Tarehe 11 Septemba 2020, kule Kamituga katika Kivu ya Kusini, mvua kubwa ilinyesha na mashimo ya dhahabu yakaanguka. Serikali ya jimbo ilitangaza vifo 50. Tarehe 27 Juni 2019, karibu na Kolwezi, udongo uliwafunika wachimbaji, wakafa zaidi ya 40. Je, kaske ingewaokoa? Kaske inazuia jiwe dogo, haizuii mlima. Wale walihitaji mtu wa kusema: leo mvua imenyesha, hakuna kushuka. Walihitaji miti ya kushikilia udongo, na shimo lisilopita kipimo. Sheria yetu ya migodi inaweka mwisho wa metre 30 kwa wachimbaji wa mikono. Nani anapima?

Kwa hiyo kuna mpango katika kujikinga. Kwanza ondoa hatari yenyewe. Kama haiondoki, iweke mbali na watu. Kisha panga kazi vizuri: nani anashuka, saa ngapi, nani anabaki juu kuangalia. Mwisho ndipo kaske, glavu na bote, kwa hatari ile inayobaki. PDG wa shimo anayegawa kaske tano na kuwatuma watu chini ya udongo uliolowa, huyo amewapamba tu kwa maziko.

Sheria haiko kimya. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamwagiza mwajiri kulinda afya na usalama wa wafanyakazi wake. Sheria ya migodi, iliyotengenezwa tena mwaka 2018, inataka wachimbaji wakusanyike katika koperative, na haimruhusu mtoto chini ya miaka 18. Wanafunzi wenzangu, neno hili la mwisho linatugusa sisi. Wengi wa rika letu wako kule sasa hivi, wanabeba mifuko ya mawe. Hawako katika kitabu cha koperative wala cha mfuko wa CNSS. Wakivunjika mguu, hakuna wa kuwalipa. Ni mama ndiye anauza mbuzi.

Ninajua majibu ya watu. Jibu la kwanza: makuta hakuna. Ni kweli, umaskini tunao. Lakini uliza bei ya lineti za kazi, kisha uhesabu bei ya safari mpaka Bukavu kutafuta daktari wa macho, pamoja na siku zote ambazo hukufanya kazi. Jibu la pili ni kicheko: “Weye uko mwoga, rudia kwa mama yako!” Kicheko hiki kimeua wengi, juu kijana anaogopa kuchekwa kuliko anavyoogopa jiwe. Jibu la tatu: “Mungu njo anapanga.” Wanaosema hivyo wasome Kumbukumbu la Torati 22:8. Pale Mungu mwenyewe anamwamuru mwenye kujenga nyumba aweke kizuizi juu ya dari, ili mtu asianguke na damu yake isiwe juu ya nyumba ile. Hakusema: jenga tu, mimi nitawashika wanaoanguka.

Basi tufanye nini? Mimi ninapendekeza tuanze hapa shuleni, maana mtu hawezi kumfundisha PDG wa Salamabila kama yeye mwenyewe anafyeka majani na miguu mitupu. Siku ya salongo, mwenye kushika panga avae viatu vilivyofunikwa, na wengine wasimame mbali naye. Anayepasua mawe ya kujenga awe na lineti, hata kama shule ina moja tu: tutapokezana. Sanduku la dawa lisifungwe na ufunguo ambao hakuna anayejua uko wapi. Na tunaomba kwa heshima wakubwa wetu watupatie saa moja, mbele ya vakansi kubwa, kwa kutufundisha juu ya mashimo, zebaki na moshi wa motopompe. Wengi wetu tutaenda kule, ruhusa iwepo au isiwepo. Afazali tuende tukijua wakati gani wa kukataa kushuka.

Kaske mpya inapatikana Kasongo. Lineti zinapatikana. Jicho halipatikani Kasongo, wala Bukavu, wala Ulaya.

Mwanafunzi wa darasa la tano