Bao si Mchezo wa Wavivu

Jioni moja nilikuwa Soga, katika Mkoa wa Pwani, mahali ambapo reli ya zamani na ile ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, zote zinapita. Chini ya mwembe wazee wawili walikuwa wameinamia bao, na nyuma yao amesimama mtoto wa shule akitazama bila kupepesa macho. Mzazi wake akapita, akamkemea: "Acha mambo ya wavivu, nenda kafanye hesabu!" Mtoto akaondoka. Nami nilinyamaza, ingawa nilijua kwamba amefukuzwa kutoka darasani.

Tulitazame bao kwa jicho la sayansi. Lina mashimo 32 na kete 64. Mwanzoni kila mchezaji huwa na kete 10 ubaoni, 6 kati yake zikiwa katika nyumba, na 22 mkononi za kunamulia. Kila mmoja huzungusha kete katika mashimo yake 16. Kwa hiyo anayesambaza kete 19 humalizia palepale ambapo angemalizia kwa kete 3. Hilo ni somo la mgawanyo na baki, na mtoto yule alikuwa akilifanya kichwani. Tena, ukiuliza kete 64 zaweza kupangwa kwa njia ngapi katika mashimo 32, jibu ni takriban moja ikifuatwa na sifuri 25.

Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya udaktari, nilifundishwa nadharia ya michezo, ambayo John von Neumann aliiwekea msingi mwaka 1928. Mfano wetu wa kwanza ulikuwa jiwe, karatasi na mkasi. Jiwe hushinda mkasi, mkasi hushinda karatasi, nayo karatasi hushinda jiwe. Hakuna lililo bora daima. Kwa kuwa wachezaji huonyesha mikono kwa pamoja, kinga pekee ni kuyachanganya yote matatu kwa usawa, bila mpango unaoweza kubashiriwa. Bao ni kinyume chake. Hakuna kinachofichwa wala bahati nasibu. Anayeshindwa ameshindwa kwa hesabu. Michezo hiyo miwili ingetosha kumwonyesha mwanafunzi pande mbili za nadharia nzima. Hata hivyo, katika miaka yangu yote ugenini sikulitaja bao hata mara moja. Niliona haya.

Wageni hawakuona haya. Mwaka 1995 Alex de Voogt alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, kwa utafiti juu ya umahiri wa mabingwa wa bao wa Zanzibar. Simlaumu, namshukuru. Najilaumu mimi na wenzangu tuliopita kando ya mabaraza hayo tukielekea maktaba.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, walimu wa shule za msingi watumie bao kufundishia hesabu. Halihitaji fedha za kigeni: mashimo huchimbwa ardhini, na komwe huokotwa. Pili, vyuo vyetu viwatume wanafunzi wakaandike michezo ya mabingwa, hatua kwa hatua, pamoja na sababu za kila hatua kama bingwa mwenyewe anavyozieleza. Kazi hii haingoji, kwa maana wazee hawa wanaondoka na elimu yao.

Wapo watakaosema kwamba bao hupoteza saa za kazi. Ni kweli, likichezwa asubuhi wakati shamba linangoja palizi. Lakini kosa hilo ni la ratiba. Mwalimu Nyerere alicheza bao, na hakuna aliyemwita mvivu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mali hii tunayo. Daftari ndilo bado.