Mashini Kuukuu Isitupwe

Walimu na makarani wa parokia, huko Masisi na Walikale, hutuuliza swali moja: "Kompyuta yetu ya kupakata imezeeka, inakwenda kama kinyonga. Twaambiwa tuitupe, tununue mpya. Tufanyeje?" Jibu letu ni hili: msiitupe kabla ya kuijaribu kwa mfumo mwingine. Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda.

Yafaa kwanza kufahamu ugonjwa wenyewe. Ndani ya kila kompyuta mna mfumo wa uendeshaji, nao ni kama msimamizi wa nyumba: hupokea amri za mwenye kuandika, hugawia kila kiungo kazi yake. Mashini nyingi za kwetu zilikuja na Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa mfumo huo. Mashini haikufa siku hiyo. Lakini matundu yanayogunduliwa baadaye hayazibwi tena bure kwa wote, na virusi hupata mlango. Windows 11 nayo yadai gigabaiti 4 za kumbukumbu, gigabaiti 64 za nafasi ya kuhifadhi, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mashini nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 hazikubaliwi.

Basi, iko njia nyingine, nayo ni Linux. Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, nchini Ufini. Hutolewa bure, na sheria yake yaruhusu kila mtu kuinakili na kumpa jirani. Iko ya namna nyingi. Ubuntu, iliyotoka mwaka 2004, ilianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni lile neno letu "utu". Kwa mashini dhaifu twashauri namna nyepesi, kama Lubuntu, au Linux Mint yenye sura ya Xfce, ambayo hutosheka na gigabaiti 2 za kumbukumbu, ingawa 4 ni afadhali.

Sasa, sikilizeni utaratibu wa kazi.

La kwanza, na kubwa kuliko yote: nakilini maandishi yenu yote mahali pengine, tena mara mbili. Kuingiza mfumo mpya kwaweza kufuta diski nzima. Katika nchi ambamo watu wamekimbia vita mara kwa mara, na vitabu vya karatasi vimepotea njiani, orodha ya ubatizo au alama za wanafunzi iliyomo katika kompyuta yaweza kuwa ushahidi pekee wa mtu. Atakayeifuta kwa haraka amemfutia mtoto jina lake.

La pili: pakueni mfumo mara moja tu, mjini, penye intaneti nzuri, maana uzito wake ni gigabaiti kadhaa. Fundi auandike juu ya flashi kwa programu maalumu, hata mashini iweze kuwakia humo. Flashi hiyo moja itahudumia shule kumi bila kununua megabaiti nyingine.

La tatu: washeni mashini kwa flashi hiyo pasipo kugusa diski. Tazameni kama sauti, kibodi na intaneti vyafanya kazi. Msiporidhika, izimeni, itoeni flashi; hamkupoteza kitu.

La nne: mkikata shauri kuuingiza, betri iwe imejaa na waya umechomekwa. Wenye umeme wa jua waanze asubuhi, siyo jioni. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashini yaweza kubaki bila msimamizi, na kazi yote ianze upya.

Hatufichi upungufu wake. Programu nyingi zilizotungwa kwa ajili ya Windows hazitakubali. Badala yake mtatumia LibreOffice, ambayo hufungua barua za Word, ingawa pengine mpangilio huhama kidogo. Mashini za kale mno, zile za biti 32, mifumo mingi ya leo haizipokei. Na diski iliyochakaa haiponywi na mfumo wowote, hiyo hubadilishwa.

Neno la mwisho. Koltani ya Rubaya, katika Masisi, hutoa tantali inayowekwa ndani ya vifaa vidogo vya kutunza umeme katika kompyuta. Bati la Bisie, katika Walikale, ni jamii ya lile linalounganisha viungo vyake. Ndugu zetu huyachimba madini hayo kwa jasho, na wengine wamefukiwa mashimoni. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, tusiwe wa kwanza kutupa jalalani kitu ambacho udongo wetu na jasho letu pengine vimo ndani yake. Tukitunze mpaka kimalize kazi yake.