Wimbo Upi wa Bowie? Hoja Kuhusu Fanani Mwenye Nafsi Nyingi

Mashabiki wa David Bowie hawajaafikiana kuhusu wimbo wake ulio bora. Wapo wanaoshikilia "Space Oddity" wa mwaka 1969. Wengine huutetea "Heroes", uliorekodiwa Berlin mwaka 1977. Huenda mhakiki akauona ubishi huu kuwa porojo tu. Sivyo. Bowie alijivika nafsi na kuzivua: Ziggy Stardust, aliyemvaa mwaka 1972, alimvua jukwaani London tarehe 3 Julai 1973. Kwa hiyo, anayechagua wimbo huchagua pia nafsi anayoisadiki, na huo ni uhakiki. Kwa maoni yangu, "Heroes" ndio unaostahili: hautegemei vazi wala jina la kubuni la mwimbaji, wapendanao wawili kando ya Ukuta wa Berlin wanatosha kuubeba. Fanani alifariki mwaka 2016. Kazi ya kupima imebaki kwa hadhira.