Mpelekeni Mtoto Chini ya Mkwaju
Ruwaza tunazifundisha ubaoni kwa duara na pembetatu, ilhali nje ya dirisha umesimama mkwaju, majani yake madogo madogo yamepangika jozi kwa jozi. Mpe mtoto wa darasa la pili penseli na daftari lisilo na mistari, akae kivulini achore kikonyo kimoja tu, aandike tarehe na hali ya hewa. Siku nyingine leteni nanasi: ahesabu safu za magamba zinazopanda kuelekea kulia, kisha za kushoto, mara nyingi atapata 8 na 13. Asitajiwe jibu kabla. Na mwalimu, tafadhali, weka mbali kalamu nyekundu. Aliyechora jani pamoja na matundu ya kiwavi ametazama kweli; muulize kiwavi alianzia wapi kula.