Wafuasi wengi, wasomaji wachache: Nani mmiliki wa hadhira ya mtandaoni?

Na Mwandishi Wetu

NI jambo la kawaida siku hizi, katika vyumba vya habari vya Dar es Salaam na Nairobi, kumsikia mhariri akijigamba kwa idadi ya wafuasi wa chombo chake katika Instagram, Facebook au YouTube. Idadi hiyo ndiyo inayopelekwa kwa wafanyabiashara wanaotafuta mahali pa kutangaza bidhaa zao. Swali ambalo haliulizwi mara nyingi ni moja: wafuasi hao ni wa nani?

Januari 2018 swali hilo lilijibiwa kwa gharama kubwa. Mwezi huo mwasisi wa Facebook, Mark Zuckerberg, alitangaza kuwa ukurasa anaoukuta mtumiaji afunguapo mtandao huo utatoa kipaumbele kwa habari za ndugu na marafiki, mbele ya zile za kampuni na vyombo vya habari. Mwezi uliofuata, tovuti ya LittleThings ya Marekani, iliyokuwa na wasomaji mamilioni, wengi wao wanawake, ilifungwa. Wamiliki wake walieleza kuwa walikuwa wamepoteza takriban asilimia 75 ya wasomaji waliokuwa wakiwafikia kupitia Facebook bila kulipia. Hakuna aliyewanyang'anya kitu chao. Mwenye nyumba alibadili kufuli, mpangaji akakuta mizigo yake nje.

Nchini Tanzania kufuli ilibadilishwa na mkono mwingine. Mei 2025, baada ya akaunti ya Jeshi la Polisi katika mtandao wa X kudukuliwa, watumiaji wa mtandao huo nchini walijikuta hawawezi kuufungua. Chombo kilichokuwa kimewakusanya wasomaji wake huko, kikiwa hakina anwani wala namba ya simu ya hata mmoja wao, hakikuwa na njia ya kuwaeleza kimehamia wapi.

Hata hivyo, tatizo haliishii kwenye umiliki wa jukwaa. Umati unaopita na kubonyeza alama ya kupenda si jamii, na wenye umri wa kutosha wanaijua tofauti hiyo tangu enzi za redio. Watuma salamu wa Tanzania na Kenya waliandika kadi, wakajuana kwa lakabu zao za hewani, wakaunda vyama na kuchangiana wakati wa misiba. Redio haikuwalipa. Iliwasomea majina yao tu, nao wakaiona kuwa ni yao.

Mfano wa karibu zaidi katika mtandao ni JamiiForums, ulioanza mwaka 2006 kwa jina la JamboForums. Kilichowavuta watu huko ni kwamba msomaji alikuwa pia mwandishi. Aliyelijua jambo alilisema, na aliyebisha alitakiwa kuleta ushahidi. Katika miaka ya kashfa ya Richmond na ya akaunti ya EPA katika Benki Kuu, Watanzania wa ndani na wa ughaibuni walikutana hapo kuuliza yale ambayo magazeti mengi yaliyagusa kwa tahadhari. Februari 2008 waasisi wake, Maxence Melo na Mike Mushi, walikamatwa na polisi na baadaye kuachiwa.

Lakini mtihani mkubwa ulikuja Desemba 2016, Melo alipofikishwa katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu. Miongoni mwa mashtaka ni kuzuia upelelezi, kinyume cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa kutowapa polisi taarifa za kuwatambulisha wanachama walioandika kwa majina ya bandia. Hadi Kamati ya Kulinda Waandishi wa Habari, CPJ, inamtunukia tuzo mwaka 2019, alikuwa amehudhuria mahakamani zaidi ya mara 100. Aprili 2020 alitiwa hatiani katika shauri mojawapo na kuamriwa kulipa faini ya Sh3 milioni au kwenda jela mwaka mmoja.

Ni kweli kwamba majina hayo ya bandia yamebeba pia uzushi na matusi, na si kila anayelalamika kuchafuliwa jina huwa na jambo la kuficha. Kazi ya wasimamizi wa kufuta na kuonya ni ngumu, na haikufanywa vyema kila siku. Pamoja na hayo, mwanachama aliyejua kuwa mtu mwingine anakwenda Kisutu kwa sababu ya kukataa kumtaja alikuwa na sababu ya kubaki ambayo hakuna tangazo lingeweza kuinunua.

Juni 2018 mtandao huo ulisimama baada ya kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni kuwataka wachapishaji wawe na leseni, ambayo pamoja na ada zake iligharimu zaidi ya Sh2 milioni. Ulirejea Julai, na mijadala ikaendelea. Septemba 2025 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliisimamisha leseni yake kwa siku 90.

Jamii ya namna hii huweza pia kuvunjwa na waliomo ndani. De Correspondent ya Uholanzi ilianzishwa mwaka 2013 kwa michango ya watu 18,933, ikawachukulia wasomaji kama wataalamu wenye kujua jambo, daktari kwa ya hospitali na mwalimu kwa ya shule. Ilistawi. Wenyewe walipochangisha zaidi ya dola milioni 2.5 kwa ajili ya toleo la Kiingereza, wengi wa waliochanga waliamini kuwa makao yake yangekuwa New York. Machi 2019 ikatangazwa kuwa hakutakuwa na ofisi huko. Waasisi waliomba radhi, lakini imani ilikuwa imetikisika tangu kabla ya toleo la kwanza. Lilifungwa Januari 2021.

Wapo wanaosema kuwa msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kulipia habari. Hoja hiyo ina mashaka. Mtu yuleyule huchangia harusi ya mtoto wa mfanyakazi mwenzake, tena kwa simu, kwa kuwa jina lake litasomwa katika kamati na kwa kuwa naye siku yake itafika. Gazeti la The Guardian la Uingereza lilipoanza kuwaomba wasomaji michango mwaka 2016 halikufunga kurasa zake; mwishoni mwa 2021 lilikuwa na zaidi ya watu milioni moja wanaolilipa mara kwa mara kupitia mtandao. Daily Maverick ya Afrika Kusini ilifuata njia hiyo mwaka 2018, ikimwachia kila mwanachama achague kiasi chake.

Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa Tanzania nzima kwa takriban siku tano. Siku hizo wafuasi wote, wa chombo kikubwa na kidogo, hawakuweza kufikiwa. Njia zilizobaki zilikuwa redio, gazeti la karatasi na simu ya kawaida, kwa mhariri aliyekuwa ameziandika namba za wasomaji wake.